Chini ya Bamba

Fermin Irigoien ameshuka kutoka bonde la Baztan,
mvua ya Oktoba ingali begani,
akailaza juu ya meza yangu kama mtoto mwenye homa:
mitutu miwili ubavu kwa ubavu,
kitako cha mti wa jozi, cheusi pale
shavu la babu yake lilipoegemea
msimu hata msimu, njiwa wakivuka.
"Mtutu wa kulia hulia," akasema.
"Wa kushoto hugoma. Tik, basi.
Na njiwa hawasubiri fundi."

Sijibu upesi. Naivunja kiuno, naielekeza dirishani.
Ndani mna mwezi ndani ya mwezi ndani ya mwezi,
na vishimo vya kutu karibu na mdomo:
kuna usiku mmoja mtu hakusafisha,
ama wa arusi, ama wa msiba.

Hapa Eibar tulifunzwa kwamba bunduki ina ukoo.
Mzee wao gobori, aliyelishwa baruti kwa mdomo,
akashindiliwa, akangoja.
Kisha gumegume, jiwe kinywani,
adui yake manyunyu:
tone moja kwenye kisahani, na paa anakwenda zake.
Kisha wa fataki, kikofia cha shaba kisichojali mawingu.
Kisha huyu,
anayekunjika kiunoni bila kuumia,
akapokea risasi mbili kwa nyuma, akajifunga.
Klak.
Mlio huo ukiwa safi, fundi hulala.

Wa huyu ni safi bado. Miaka zaidi ya themanini.

Na michoro yake!
Kware watatu wanachomoka majanini,
mbwa mguu juu, pua imeganda kwenye harufu,
na kila jani limekatwa kwa mipigo minne ya tindo.
Si mitatu. Si mitano.
Mipigo minne naijua.
Niliisikia jikoni nikiwa mdogo,
kijiko kwenye ukingo wa bakuli, mtu akiwaza.

Kitabu cha karakana kiko rafuni. Nikafungua.
*Mchongaji: Hilario Zubiaurre.*
Wino mzuri, mwandiko wa mtu aliyeshiba.

Nikashika bisibisi. Skrubu ya kwanza ikanuna, ikakubali.
Chini ya bamba, mahali jicho la mnunuzi halifiki,
penye mafuta yaliyoganda rangi ya asali,
kuna cherehani.
Cherehani, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
gurudumu lake, sindano yake,
hata uzi umeachwa ukining'inia,
na herufi mbili: B. U.

Benita Unzueta. Mama yake mama yangu.

Mchana alifunga skrubu za cherehani kiwandani,
miaka ile bunduki hazikununuliwa
na mji mzima ukageukia baiskeli na sindano.
Usiku, alituambia, alikuwa "akimsaidia Don Hilario kung'arisha."
Kung'arisha.
Akalipwa ujira wa kung'arisha mpaka mikono ikakataa.

Nikakaa. Kahawa ikapoa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo:
pini ya kugonga imelika kama jino la kondoo mzee.
Nikachonga nyingine, nikaikausha kwa mafuta, nikarudisha bamba.
Sikugusa cherehani. Hata vumbi lake sikulifuta.

Jioni nikaenda nayo uwanja wa kujaribia,
karatasi nyeupe, hatua arobaini.
Wa kulia ukatawanya marisau kama mtu anayelisha kuku.
Wa kushoto umebanwa mdomo; ndiyo maana hufika mbali.
Ukasema mara moja.
Nikaenda kuhesabu matundu kwa ncha ya penseli,
nikapotea hesabu, nikaanza upya.

Asubuhi Fermin akauliza, "Kiasi gani?"
Nikamtajia bei ya pini.
"Mbona kidogo?"
"Kazi kubwa," nikasema, "ilishafanywa."
Akatazama kware, akatazama mbwa, akavaa kofia.
"Huyo Hilario," akasema, "alikuwa na mkono."

Nikafungua mdomo.
Lakini yeye alikwishafika mlangoni, akiitazama mbingu,
na juu ya paa la kanisa, mapema kuliko mwaka jana,
njiwa wa kwanza walikuwa wakipita.